Msichana wa Spika ya Kabiro

Rosebella alikuwa amejiandaa kwa kila kitu siku hiyo, isipokuwa kusikia sauti yake mwenyewe ikimpokea njiani.

Nywele zilikuwa mpya. Lavender, rafiki yake wa kufa na kuzikana na msusi anayejulikana Laini Saba nzima kule Kibera, alikuwa amezivuta kwa ustadi hata Rosebella akawa hawezi kukunja uso akitaka. Gauni la kitenge lilikuwa limepigwa pasi likapigwa tena. Mkononi alibeba mfuko wa zawadi: sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia na mkate mkubwa, kwa maana binti wa watu haingii kwa mama mkwe mikono mitupu. Koo tu ndilo lililokuwa na kasoro, kwa sababu mafua yalikuwa yamemkaba. Lakini alijipa moyo. Leo haendi kuimba, anaenda kuonekana.

Aliyemwendea alikuwa Mama Kimotho, mwanamke wa Kabiro, pale Kawangware, mwenye ghorofa ya kupangisha aliyoiita kwa jina lake mwenyewe, Muthoni Court. Mwanawe Kimotho ndiye aliyewasimamia wapangaji, na ndiye aliyekuwa ameuteka moyo wa Rosebella tangu harusi moja pale Nyayo Highrise. Siku hiyo Rosebella aliimba, na kijana mmoja mrefu mwenye macho ya usingizi akasahau kwamba alipewa kazi ya kugawa soda. Alisimama katikati ya ukumbi na kreti mikononi mpaka wimbo ukaisha, wageni wakimwita kila upande na yeye hasikii.

"Usitembee kama unaenda kortini," Lavender alimwambia waliposhuka kwenye nduthi, pikipiki ya abiria iliyowaleta. "Smile kidogo."

"Nasmile."

"Hiyo ni smile ya kitambulisho."

Rosebella alikuwa karibu kucheka walipopita kona ya bucha, na hapo ndipo sauti ilipowajia. Ilikuwa sauti ya kike, laini, tamu kama maziwa ya moto, ikimwagika juu ya mabati na kamba za nguo kutoka spika kubwa iliyofungwa langoni mwa ghorofa ya rangi ya waridi.

*"Hamia, mpenzi, hamia Muthoni Court... maji hayakatiki, usiku wala mchana... na choo ni chako, ni chako, ni chako peke yako..."*

Lavender akasimama. "Rose, ulipata kazi na hukuniambia?"

"Sijapata kazi."

"Si huyo ni wewe?"

Rosebella aliinua uso akaisikiliza spika. Kwenye lile neno la mwisho, *peke yako*, sauti ilivunjika kidogo, kama mtu anayetaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mwalimu wao wa kwaya alikuwa amejaribu kuiondoa ile kasoro miaka nenda miaka rudi, akasalimu amri. Rosebella aliijua kama anavyolijua kovu la goti lake. Hiyo ilikuwa sauti yake. Na yeye, maishani mwake, hakuwahi kuimba habari za choo.

Kisha spika ikageuza lugha. *"Maaĩ matithiraga..."* Kikuyu safi, cha mtu aliyekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Rosebella, mtoto wa watu wa Siaya aliyelelewa kando ya reli, Kikuyu chake chote kilikuwa cha kununulia sukuma wiki.

"Na Kikuyu umejua lini?" Lavender aliuliza.

"Lavender, nyamaza nifikirie."

Hakuhitaji kufikiria sana. Mwaka huo mzima mashine zilikuwa zikimpokonya tonge mdomoni. Duka la vifaa vya ujenzi aliloliimbia matangazo lilimwambia asante, sasa programu ya simu inaimba. Tonny, mwenye studio alikokuwa akiitikia nyuma ya waimbaji wengine, alimwambia bila hata kumtazama, "Rose, backing naweka na kompyuta, usijali." Bibi harusi mmoja alimwita aje na gauni refu, na alipofika akaelezwa kwamba nyimbo ziko tayari kwenye flashi, kazi yake ni kushika maiki na kufungua mdomo tu, kwa ajili ya picha. Alifungua mdomo siku hiyo kama samaki aliyetupwa kando ya maji, akarudi nyumbani akalia. Aliyemtuliza kwenye simu mpaka akalala ni Kimotho.

Na sauti hii, yenye kasoro hii, alikuwa amemtumia mtu mmoja tu duniani. Jino lilikuwa limemuuma Kimotho usiku kucha, naye akamrekodia wimbo mdogo wa kutungatunga, *lala mpenzi, niko nawe, nawe peke yako*, akamtumia.

Kimotho mwenyewe alitokea langoni wakati huo huo, shati jeupe, viatu vinang'aa, na alipoona uso wa Rosebella chini ya ile spika, tabasamu lake likamdondoka.

"Babe. Umefika mapema."

"Nimefika zamani. Nilikuwa hapo juu naimba."

"Nitakuelezea."

"Kabla ya chakula ama baada?"

Kimotho alitazama mlango wa nyumba ya mama yake, akamtazama Rosebella. "Baada. Tafadhali. Mathe ameamka saa kumi na moja kupika."

Macho yake yalikuwa yale yale ya usingizi yaliyomfanya Rosebella akose kulala. Alitaka kumzaba kofi, na alitaka kumfuta kile kijasho juu ya mdomo. Akafanya la tatu: akampa mfuko wa zawadi abebe, akatangulia ndani.

*

Mama Kimotho alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye kitambaa kichwani na mikono ya kazi. Aliwakaribisha wageni kwa heshima zote, akawamwagia maji ya kunawa kutoka bomba la tangi la uani, lililomwaga kwa kishindo, akawakalisha mezani mbele ya mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa, nyama ya kuku na chapati zilizorundikana. Aliomba baraka ndefu. Akapakua. Na baada ya kila mtu kupata kijiko cha kwanza, akafungua kesi.

"Sasa, Rosebella. Kimotho ameniambia wewe ni mtu wa Kibera."

"Ndiyo, mama. Laini Saba."

"Na nyumbani ni kule ziwani."

"Ndiyo, mama."

"Usiogope, mimi sina shida na watu wa ziwa. Fundi wangu wa bomba ni wa huko, mtu mzuri sana, anakuja akitaka." Aliinua kidole. "Shida yangu ni moja tu. Ukiamka asubuhi, unaenda kazi gani?"

"Ninaimba, mama."

"Hiyo ni Jumapili. Nauliza Jumatatu."

Lavender alikohoa ndani ya chapati.

"Hata Jumatatu ninaimba. Harusi, matanga, matangazo ya biashara. Na watoto wa kanisa letu ninawafunza."

Mama Kimotho alimtazama kwa huruma ya kweli, kama daktari mwenye majibu mabaya. "Mwanangu, hiyo kazi imekwisha. Si mimi nimesema, ni dunia. Unamsikia huyo hapo nje?" Alielekeza kijiko langoni, ambako spika ilikuwa imerudi tena kwenye choo. "Huyo ni wa simu. Kimotho alimtengeneza akiwa amekaa hapo kwa kiti, chai haijapoa. Anaimba mchana kutwa. Hali, halali, haombi nauli, hana mafua."

Rosebella alipiga chafya.

"Pole. Na sauti! Ngai, hiyo sauti! Nikiisikia hapa," akajipiga kifuani, "kitu kinalegea. Wamama wa chama wakikuja wanakataa kuondoka. Nimemwambia Kimotho, hata kama ni mashine, lazima mahali fulani kuna msichana wa kweli aliyeazima hiyo sauti. Na Kikuyu yake ni ya nyumbani kabisa. Nikimpata huyo msichana, ataolewa hapa hata kesho, na sitauliza kazi."

Kimotho alikuwa akichimba mukimo kwa uma kama anatafuta mlango wa kutorokea.

Rosebella alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, akimwachia nafasi. *Sema. Sema sasa hivi na nitakusamehe yote.* Kimotho aliinua macho, yakakutana na yake, midomo ikafunguka. Kisha akasema, "Mathe, kuna pilipili?"

Rosebella aliweka kijiko chini.

"Mama, huyo msichana umempata."

"Nani?"

"Ni mimi. Sauti hiyo ni yangu. Kimotho aliitoa kwa wimbo niliomwimbia akiumwa na jino, akaipatia simu, bila kuniuliza."

Mama Kimotho alimtazama mwanawe. Mwanawe akatazama pilipili, ambayo haikuwepo. Mama akacheka, kicheko cha kukataa.

"Wewe? Hapana. Huyo ni Mkikuyu."

"Ni kweli, mathe," Kimotho alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja glasi. "Simu inaweza kumfanya aongee lugha yoyote."

"Basi aimbe nimsikie."

Lavender alimkanyaga Rosebella chini ya meza, ishara ya kumwambia asikubali. Lakini Rosebella alikuwa mwimbaji, na mwimbaji akiambiwa haimbi huwa kama jogoo aliyeambiwa hakujakucha. Alinyoosha mgongo, akaimba lile tangazo lote kama alivyolisikia, kwanza Kikuyu cha maneno ambayo hakuyaelewa, kisha Kiswahili. Mafua yalimkwama puani. Kwenye Kikuyu aliteleza, Mama Kimotho akashika mdomo, mabega yakimtikisika. Alipofika *peke yako*, sauti ikavunjika mahali pale pale.

Kicheko kikakoma. Mama Kimotho akaweka mkono kifuani.

"Inafanana," alisema hatimaye. "Kwa kweli inafanana." Akainamisha kichwa, akapima. "Lakini ya simu ni nzuri zaidi."

"Mama!" Lavender alilipuka.

"Sitasema uongo kwa meza yangu. Ya simu haina pua."

Rosebella alishindwa kujua acheke au alie. Kuna wanawake waliowahi kupokonywa bwana na jirani, na dada, na rafiki. Yeye alikuwa amepokonywa na nafsi yake mwenyewe, iliyokuwa imetundikwa langoni.

*

Kabla hajapata jibu, lango liligongwa. Haikuwa hodi, ilikuwa mitungi ya plastiki ikigongwa kwenye chuma, na sauti za wanawake.

"Landlady! Landlady, toka!"

Wote wanne walitoka uani. Nje ya lango walisimama wapangaji, kundi zima lililotoka kusaka maji, na mbele yao Mama Collins wa ghorofa ya juu, mwanamke mwembamba mwenye mtungi mtupu kila mkono na macho ya mtu ambaye hajafua tangu Jumatano.

"Mama Kimotho, maji!" alisema. "Siku ngapi? Tunapanda ngazi na mitungi kama punda, na huku huyu msichana wenu wa choo anatuimbia maji hayakatiki! Maji hayakatiki! Nikilala namsikia! Mtoto wangu anamwimba shuleni!"

*"Maji hayakatiki, usiku wala mchana,"* spika ilikubaliana naye.

"Kimotho, zima hiyo kitu!" mama yake alifoka.

Kimotho alipapasa mifuko yote. "Simu iko ndani, inachaji."

"Mimi nimefunga godoro," Mama Collins aliendelea. "Wengi tumefunga. Tunahama. Kule mbele kuna ploti haina wimbo lakini ina maji."

"Akina mama, ngojeni kidogo, msihame kwa hasira," Rosebella alisema, kwa mazoea tu ya kutuliza watu wa matanga.

Mama Collins akaangusha mtungi mmoja.

"Haiya! Ni yeye! Sikizeni! Ni msichana wa choo!"

"Ndiye!"

"Wewe ndiye ulituambia choo ni yetu peke yetu! Tunashare na watu wa chini!"

Wakamzunguka. Lavender alivua kiatu kimoja, tayari kwa vita. Na Mama Kimotho, yule yule ambaye dakika chache nyuma alikuwa hamwamini, alirudi nyuma hatua moja, kwa upesi wa ajabu kwa mwili wake, akamsukuma Rosebella mbele.

"Muulizeni huyo! Ndiye aliimba!"

Rosebella akageuka polepole. "Mama, kumbe sasa sauti ni yangu?"

"Ni yako, ni yako, nimekubali. Waambie kitu!"

Angeweza kusema ni simu. Ingekuwa kweli, na angetoka langoni na gauni lake safi, akawaachia watu wa Kabiro shida zao. Lakini aliwatazama wale wanawake, akaona kwamba kwa siku zote hizo walikuwa wakimchukia yeye. Walikuwa wamemlaani wakipanda ngazi. Sauti yake ilikuwa imewadanganya huku yeye yuko Laini Saba akinywa tangawizi.

"Sauti ni yangu," alisema. "Maneno si yangu, na maji ya hapa sijawahi kuonja. Lakini ni sauti yangu iliwadanganya, na mimi sipendi. Poleni." Akamgeukia mwenye nyumba. "Mama, fundi anakuja lini?"

"Kesho."

"Kweli, mama?"

Mama Kimotho alitazama viatu vyake. "Alisema Jumatano."

"Na tangi lako la uani? Tulinawa mikono, maji yalitoka kama mafuriko."

"Hilo ni la nyumba yangu!"

Rosebella alikuwa ameshaona maiki ndogo iliyoning'inia chini ya spika, ile anayotumia Kimotho kuita wapangaji. Akaichukua, akabonyeza. Sauti ya simu ikakatika katikati ya choo. Akapenga kamasi, hewani, Kabiro nzima ikasikia. Kisha, kwa tuni ile ile waliyoichoka, akaimba:

*"Njooni, majirani, njooni Muthoni Court... maji yamekatika, fundi ni Jumatano... leteni mitungi, mama amefungua, tangi lake ni lenu, ni lenu, si lake peke yake..."*

"Mimi nimefungua saa ngapi?" Mama Kimotho aliruka.

Hakuna aliyemsikia. Mtu alicheka, kisha wote wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa na hasira muda mrefu wakakosa pa kuiweka. Mama Collins alidaka mstari wa mwisho akaurudia kwa sauti ya kwaya ya wazazi, wengine wakaitikia, na wimbo ukaingia langoni pamoja na mitungi. Rosebella akamtungia kila aliyepita ubeti wake: wa mama mwenye mtungi unaovuja, wa kijana aliyejifanya mgonjwa ili asipange foleni. Sauti ilikuwa na pua, ilikwaruza, mara moja ilipotea kabisa, na ilipopotea wao ndio walioimba mpaka ikarudi.

Mama Kimotho alisimama kando ya bomba, amezidiwa. Alikuwa anafikiria kufunga lango. Ndipo Mama Collins alipomshika mkono, mitungi imejaa.

"Asante, Mama Kimotho. Sikujua wewe ni mtu hivi. Wacha nikafungue godoro."

Mwenye nyumba akainama akalikaza bomba lisimwage, akachukua mtungi uliofuata mwenyewe.

*

Watu walipokwisha kutawanyika, Mama Kimotho aliketi juu ya ngazi, kitambaa kimemteleza kichwani.

"Umenimalizia maji, wewe msichana."

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Ile ya simu ingeendelea tu kuimba mpaka wahame wote." Alisema hivyo kwa kinyongo, kama anayetoa kitu asichotaka kutoa. "Lakini bado ni tamu kuliko yako. Sasa niambie ukweli. Simu zikimaliza kazi zote, utakula nini?"

Rosebella alikaa kando yake. Swali lilikuwa ndilo lile lile la mezani, ila safari hii lilikuwa limeulizwa na mtu anayetaka jibu.

"Sijui, mama. Sitakudanganya. Matangazo yamekwisha. Harusi wanaita wachache. Matanga bado wananiita, kwa sababu mtu akilia anataka mwingine amwangalie machoni. Watoto wa kwaya wapo. Labda haitatosha. Labda nitauza mandazi asubuhi na kuimba jioni. Lakini sitaacha, hilo nakuambia mapema usije ukaniuliza tena."

"Hmm," alisema Mama Kimotho. Ikawa ndiyo yote. Lakini aliinuka akaenda jikoni, na mle ndani wakasikia vyombo vya kufungia chakula vikitolewa.

Kimotho alikuwa amesimama kando ya ukuta, simu mkononi, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuchapwa. Lavender alimpita, akamwambia, "Bahati yako nimesharudisha kiatu mguuni," akaenda kusubiri langoni.

Wakabaki wawili.

"Nilitaka akupende kwanza na masikio," Kimotho alisema. "Mathe akishaamua kitu, ameamua. Nilijua akikuona tu, ataona Kibera, ataona ziwa, ataona kazi. Nikasema asikie kwanza. Alafu siku moja nimwambie, surprise, ndiye huyu. Kila siku nilikuwa nasema kesho."

"Ulimpa mimi mwepesi," Rosebella alisema. Sauti haikupanda. Ilikuwa imechoka. "Mimi asiye na kwao. Asiyekula, asiye na mafua, anayesema chochote umemwandikia. Huyo ndiye ulimpenda mpaka ukamweka kwa lango. Mimi mwenyewe nilikaa kwa meza yako, nikakungoja na macho, na wewe ukaitisha pilipili."

Kimotho alifumba macho. "Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Lakini nilikuja."

Alikuwa hajui kama analia ama ni mafua. Kimotho alisogea hatua moja, akaona sura yake, akasimama hapo hapo. Akafungua simu. Akamwonyesha: ule wimbo wa tangazo, ile sauti iliyohifadhiwa. Akavifuta vyote mbele ya macho yake.

"Na ya jino," Rosebella alisema.

Kidole cha Kimotho kikasita. "Hiyo pia?"

"Hiyo ndiyo ya kwanza."

"Rose, hiyo ndiyo huwa inanilaza." Alisema haraka, kisha akaona haya, masikio yakamwiva. "Kila siku. Hata jino walishang'oa. Nikishafunga milango yote, nazima taa, naiweka hapa." Aligusa mto usiokuwepo, kando ya shavu.

Moyo wa Rosebella ulimsaliti, ukageuka kifuani kama mtoto anayegeuka kitandani. Lakini hakuondoa macho kwenye ile simu. Kimotho alimtazama, akaelewa, akafuta. Akabaki ameishika ile simu kama sahani iliyolambwa.

"Sasa nikikumiss?"

"Utanitafuta. Nikiwa na mafua, utapata mafua."

Mama Kimotho alitoka na mkebe wa mukimo na kuku, akaukabidhi kwa Rosebella kwa mikono miwili. "Wa mama yako. Mwambie nitakuja kumsalimia. Na hilo tangazo langu limefutwa, nimesikia, msidhani mimi ni kiziwi. Utakuja uniimbie wewe."

"Nitakuja, mama. Lakini maneno nitayasoma kwanza, na maji nitaonja kwanza."

"Ona huyu!" Akamtupia mwanawe jicho. "Na huyu hapa, umemsamehe?"

"Bado, mama."

"Vizuri. Usiharakishe. Baba yake nilimsamehe haraka, alinisumbua mpaka kaburini."

Rosebella akaaga kwa heshima, akatoka langoni bila kumpa Kimotho mkono. Yeye na Lavender walishika njia kwa miguu, mkebe ukiwa bado moto kwapani. Jua lilikuwa limelegea, Kawangware imejaa watu wa Jumapili. Spika ilikuwa kimya nyuma yao, na ukimya wake ulisikika.

Walipopita bucha, Lavender aligeuka. "Anatufuata."

"Muache."

"Ako mbali, lakini anakuja. Hajabeba hata jaketi."

"Nimesema muache."

Walivuka barabara, wakapita mafundi wa viti, wakapita kanisa la mabati lililokuwa bado linapiga ngoma. Rosebella alitazama mbele, shingo imenyooka. Kimotho hakuita jina lake, wala hakukimbia. Alitembea tu, kwa umbali ule ule, kama mtu aliyetumwa na hajui kurudi.

"Amesimama," Lavender alisema.

Rosebella nusura ageuke. "Amerudi?"

"Ngoja. Hapana. Anaongea na mama wa mahindi choma. Anachagua. Aki huyu jamaa, anabonyeza moja moja." Akanyoosha shingo. "Amenunua."

"Mangapi?"

Lavender alikodoa macho, akahesabu kwa midomo.

"Matatu."

Rosebella hakugeuka. Lakini alipunguza mwendo.